Mlo wa mchana wikiendi kwenye mgahawa wa moli, Arusha: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilihudumu mezani miaka minne kwenye mgahawa mmoja wenye matawi, ndani ya jengo la maduka makubwa hapa Arusha. Kazi niliiacha, maswali hayakuniacha. Ikifika Ijumaa jioni simu inaanza: shangazi wa Usa River, binamu wa Moshi mwenye wageni, rafiki anayetaka kumtoa mchumba. Nimeyakusanya hapa ili wiki ijayo nitume haya tu, nikaendelee na kufua kwangu. Jina la mgahawa sitaji, maana mengi utayakuta kwenye migahawa yote ya aina hiyo.

Twende saa ngapi ili tusisubiri meza?

Jumamosi, fikeni kabla ya saa sita na nusu. Jumapili ni habari nyingine. Kwenye makanisa mengi huku kwetu ibada ya pili ingetoka saa sita kama si mnada wa sadaka, na mnada haukosekani: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, ndoo ya parachichi, jogoo. Mnada ukinoga watu wanatoka saa saba wakiwa na njaa na jogoo mkononi. (Ndiyo, tuliwahi kupewa jogoo tumtunzie nyuma ya stoo mpaka familia imalize kula. Aliwika mara mbili.) Kwa hiyo saa sita mgahawa mtupu kabisa, wahudumu wanapanga leso, saa saba na robo huoni pa kupita. Wimbi hilo linaanza kupungua saa tisa. Njooni mapema au njooni mmechelewa, katikati hapana.

Wa kutoka Moshi na Usa River, Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, kwa hiyo ongezeni muda wa njiani. Na mwanzoni mwa Agosti upande wa Njiro unajaa watu wa maonyesho ya Nanenane pale Themi. Siku hizo hata mimi sendi.

Nibebe shilingi ngapi?

Kwa hesabu ya mfuko wangu, mtu mzima 30,000 na mtoto 18,000, ukiwa na kinywaji na bila kitindamlo. Baga na chipsi au robo kuku na wali haviuwi mtu. Hela inatokomea kwenye vinywaji. Soda unayoinunua kwa mangi mtaani, hapo utalipa mara mbili au tatu ya bei hiyo, na juisi ya parachichi ni bei ya sahani ya chipsi mayai na chenji inabaki. Watoto watatu wakiagiza juisi mbili mbili, bili imeshabadilika sura. Sisi nyumbani tunaagiza maji makubwa mawili ya meza nzima, halafu kila mmoja anachagua kinywaji kimoja tu.

Usilinganishe na bei ya kibanda cha soko la Kilombero, utajiumiza roho. Unalipia pango la jengo, jenereta umeme ukikatika, choo chenye maji na sabuni, mlinzi wa kuangalia gari. Kama hivyo vyote huvihitaji siku hiyo, chipsi za kibanda ni tamu na mimi nazipenda zaidi.

Bei ya kwenye menyu imeshajumlisha VAT?

Mara nyingi ndiyo, ila soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho. Kiwango cha kawaida cha VAT Bara ni asilimia 18. Ukiona sahani imeandikwa 23,600 na VAT imo, maana yake chakula ni 20,000 na kodi 3,600. Menyu ikisema bei haina VAT, sahani hiyo hiyo itaandikwa 20,000, utaona nafuu, kisha kwenye bili itarudi 23,600. Watu wamegombana na mimi kwa ajili ya hizo 3,600 kana kwamba nilikuwa naenda nazo nyumbani.

Tukialikana, nani analipa?

Hili ndilo swali lenyewe, hayo mengine ni mapambo.

Kwa Kiswahili chetu, mtu akisema "Jumapili twendeni tukale pale moli", ameshatoa ofa. Hakusema neno ofa, lakini kila aliyesikia amesikia ofa. Mimi nilijifunza kwa gharama. Niliwaambia wenzangu wawili wa kazini hivyo hivyo, kwa wema tu, nikijua kila mtu atajilipia. Wakaja saba. Mmoja kaja na mume, mwingine kaja na shemeji yake na watoto wa shemeji, wamevaa vizuri, wananisalimia kama mwenye shughuli. Nilikuwa na 90,000. Nikaagiza supu, nikasema tumbo haliko sawa. Bili ilipokuja ikawekwa mbele yangu bila hata mhudumu kuuliza, maana naye aliona ni nani anaangaliwa. Nilikwenda chooni kumpigia dada yangu anirushie 120,000. Alinitumia, na mpaka leo ananikumbusha.

Kwa hiyo semeni mapema, tena kwenye simu, kabla hata ya kupanga saa: "Twende, ila kila mtu na mfuko wake." Hakuna anayekasirika akiambiwa siku mbili kabla. Anayekasirika ni aliyeambiwa akiwa ameshamaliza mbavu. Na kama mnajilipia, mwambie mhudumu wakati wa kuagiza kwamba mnataka bili tofauti. Ukimwambia mwishoni, anaanza kukumbuka nani alikunywa soda ya pili, na hapo ndipo undugu unapoyumba.

Kama umealikwa na hujui kama ni ofa au la, beba hela yako kisha agiza kitu cha katikati ya menyu. Usianze na samaki mzima.

Wapenzi wapya huniuliza hili pia. Maoni yangu ni kwamba aliyechagua mahali ndiye alipe. Dada, ukichagua wewe mgahawa wa bei mbaya ukamwachia kijana wa watu bili, hiyo ni hujuma.

Mama yetu hajazoea menyu za namna hii. Tutamfanyaje asijisikie vibaya?

Msimfanye chochote, mpeni nafasi. Nilimleta mama mkubwa kutoka Kibosho, akaishika menyu mbali na macho, akaigeuza, akaweka kidole juu ya picha. "Mwanangu, hiki kilichokunjwa ni nini?" Mhudumu akamwambia ni kuku ndani ya chapati. "Na mfupa wake uko wapi?" Tulicheka, lakini mhudumu alijibu vizuri: "Shikamoo mama, huyu amekuja bila mfupa. Mwenye mfupa yuko ukurasa wa pili." Akaletewa robo kuku.

Wazee wengi wanataka vitu vitatu: kitu laini, kitu cha moto, na mahali pa kunawa mikono. Muulizie mapema sinki iko wapi, maana migahawa mingine inayo chooni tu, na mzee hatapenda kuvuka ukumbi mzima huku mikono ameinyanyua. Uma na kisu viwekwe, lakini akila kwa mkono mwacheni. Mkimaliza kumwagizia, hakikisheni sahani yake inafika kwanza au pamoja na zenu. Mwambie mhudumu tu "ya mama itangulie", ataelewa. Chipsi zinaweza kubadilishwa kuwa wali au ndizi mkiomba. Mtori msiutafute, sehemu nyingi za hivi haupo, na ukiwepo atausema vibaya njia nzima hadi Kibosho.

Vinywaji: mhudumu atauliza "baridi au ya moto?" Mjibieni kama hajazoea, asije akadhani soda inachemshwa.

Tunaruhusiwa kuingia na chakula chetu?

Kwa kawaida hapana, isipokuwa keki ya siku ya kuzaliwa, na hata hiyo pigeni simu kwanza maana wengine wanatoza ada ya kuikata na kutoa visahani. Chakula cha mtoto mchanga hakina shida popote. Na sijawahi kumwona meneja mwenye ujasiri wa kumnyang'anya bibi ndizi mbivu aliyotoa kwenye mkoba wake.

Kuhusu kumwagia maji mwenye siku yake: nje, kule maegesho, baada ya kulipa. Tafadhalini sana.

Kwa nini chipsi zao zinakauka vizuri, zangu nyumbani zinalegea?

Kwa sababu zinakaangwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa mafuta ya moto wa kadiri, kama nyuzi 160, mpaka kiazi kiive ndani bila kubadilika rangi. Zinatolewa, zinapoa, maji yanatoka. Ukiagiza, zinarudi kwenye mafuta makali zaidi, nyuzi 180 au 190, dakika mbili tatu hivi, ngozi inakauka. Migahawa mingi ya matawi inanunua chipsi zilizokwisha pikwa nusu na kugandishwa, kwa hiyo hatua ya kwanza ilifanyika kiwandani, na ndiyo sababu zinafanana urefu na ladha kila tawi. Nyumbani sisi tunatumbukiza kiazi kibichi chenye maji kwenye mafuta machache ambayo hayajapata moto, tena sufuria imejaa. Hapo unachemsha viazi kwa mafuta.

Ukitaka kujaribu: kata, osha mpaka maji yatoke safi, kausha kwa kitambaa, kaanga kidogo kidogo, pumzisha nusu saa, rudia kwa moto mkali. Chumvi mwisho.

Mbona chakula kinachelewa hivyo, na meza ya jirani iliyokuja nyuma yetu imeshakula?

Kwa sababu wao wameagiza kuku watatu wa aina moja, na ninyi watu wanane mmeagiza vitu vinane. Oda yenu inaingia jikoni kama karatasi moja, na mpishi anajaribu kuvitoa vyote pamoja, kwa hiyo meza nzima inasubiri kitu kinachochelewa zaidi. Mara nyingi ni nyama ya kuchoma iliyoombwa iive kabisa, au piza wakati oveni imejaa. Jumapili saa nane niliwahi kuhesabu karatasi kumi na tisa zimening'inia mbele ya mpishi mmoja na msaidizi wake. Mkiwa na watoto, ombeni chipsi za watoto zitangulie. Hilo linawezekana kila mara, na wazazi wachache sana wanalijua.

Dada wa nyumbani tukija naye, naye tumwagizie?

Swali hili huwa linakuja kwa sauti ya chini, tena limezungushwa. Jibu langu halizunguki: ndiyo, na mpe menyu aagize mwenyewe.

Nimeona kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja. Familia ya watu watano, sahani tano mezani zinafuka moshi. Dada amekaa kwenye kona ya kiti na mtoto mapajani, mbele yake soda moja. Anamlisha mtoto chipsi moja moja, na kila akimaliza anapangusa chumvi ya vidoleni kwa ulimi, haraka, kama anaiba. Siku moja mpishi alimwona kupitia dirisha la jikoni, akatoa sahani ndogo ya chipsi na kipaja. Niliipeleka nikasema ni nyongeza ya mtoto. Mama mwenye familia akanishukuru sana, akaisogeza kwa mtoto. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne.

Kama bajeti haitoshi kwa mtu wa sita, basi dada abaki apumzike, Jumapili yake ni haki yake, na mtoto mbebe wewe.

Ni halali? Na kuna kitimoto?

Ulizeni kabla ya kukaa, hakuna mhudumu atakayeshangaa. Baadhi ya migahawa ina cheti cha halali kutoka BAKWATA na wanakitundika karibu na kaunta. Kiangalieni kama hakijapitwa na tarehe. Ambapo kitimoto kipo, swali sahihi kwa Mwislamu ni kama vyombo na mafuta ya kukaangia vinatenganishwa. Mkijibiwa kwa kigugumizi, agizeni chai muondoke.

Kwa ndugu zetu Wasabato, ambao Arusha ni wengi: ukimwalika Msabato mlo wa kununua Jumamosi mchana umemweka pabaya. Mpangie Jumapili.

Nikae ndani au nje?

Nje, isipokuwa Juni na Julai, na isipokuwa mvua za masika. Juni na Julai baridi ya hapa inaingia kwenye supu. Siku nyingine zote nje ni raha, hasa asubuhi wingu likifunguka Meru akatokea mzima.

Kuna mteja mmoja Mmarekani wa kutoka Minnesota aliniambia jambo lililonifurahisha. Moli ya kwanza kujengwa ikiwa imefungwa pande zote, yenye joto na ubaridi wa kurekebishwa kwa mitambo, ilikuwa ya kwao, Southdale, iliyofunguliwa 1956 mjini Edina. Aliyeichora ni Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna. Kule baridi inaua, ikabidi watu watembee madukani ndani ya nyumba. Sisi tunaishi kwenye hewa ambayo wenzetu waliitafuta kwa mitambo, halafu kuna wajenzi wanatufungia vioo na kutuwashia kiyoyozi Agosti.

Ule mgahawa tuliokula zamani pale TFA, ile moli ya barabara ya Sokoine, bado upo?

Pigeni simu kabla ya kutoka nyumbani, huo ndio ushauri kwa mgahawa wowote wa ndani ya moli. Mgahawa wa namna hii unaishi kwa miguu ya watu wanaokuja supamaketi. Wakazi wa siku nyingi wanakumbuka pale TFA: Shoprite waliuza duka lao kwa Nakumatt mwaka 2014, halafu Nakumatt wenyewe wakaanguka miaka michache baadaye. Rafu zikawa tupu, na wapangaji wadogo walioegemea duka kubwa wakahesabu viti vitupu. Kwa hiyo mtandao ukisema pako wazi, usiuamini peke yake. Pengine ukurasa haujaguswa tangu wakati ule.

Naweza kulipa kwa simu?

Ndiyo, kwa lipa namba, na kadi pia sehemu nyingi. Ukiingiza namba, subiri jina la biashara litokee kabla hujaweka namba ya siri, na lifananishe na lililobandikwa kaunta. Niliwahi kumwona baba mmoja akilipa bili nzima kwa duka la vipuri kwa kukosea tarakimu moja. Beba na pesa taslimu kidogo, maana mtandao unapenda kugoma Jumapili saa nane, wakati kila mtu analipa.

Halafu dai risiti. Ile karatasi ya kwanza wanayokuletea kwenye kijitabu cheusi ni bili tu. Risiti ni ile ya mashine ya EFD, yenye namba ya uhakiki na alama ya mraba ya kuskani. TRA wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na sheria inamgusa mnunuzi pia. Ukiombwa "lipa tu, mashine ina shida", umeshalipia VAT kwenye bei; angalau ujue imekwenda wapi.

Tipu ni lazima?

Si lazima. Angalia kwanza kama bili ina tozo ya huduma, ikiwemo, umeshalipa. Isipokuwemo, chenji ya 2,000 au 3,000 kwa familia iliyohudumiwa vizuri inatosha kabisa. Mpe mkononi. Ukiweka kwenye kadi, hujui itafika lini wala kwa nani. Na "asante dada, umetuhudumia vizuri" mbele ya meneja wake nayo ina uzito, nilikuwa naikumbuka wiki nzima.

Chakula kikija kibaya nifanye nini?

Sema baada ya tonge la kwanza. Ukila nusu kuku ndipo useme hajaiva, jikoni wanaangalia mifupa na kukuangalia wewe. Usipaze sauti, mwite mhudumu, mwonyeshe. Hakupika yeye. Mara nyingi kitabadilishwa, na kama kitachelewa omba kitolewe kwenye bili.

Tukifika kwa daladala tutachekwa?

Na nani? Nusu ya wahudumu wamekuja na hiyo hiyo daladala. Kurudi chukueni bajaji, maana mkishashiba hamtaki kubanwa na konda.

Kilichobaki naweza kwenda nacho?

Ni chako, umelipia. Mwambie mhudumu "nifungie hii", ataleta boksi. Mfuko wa plastiki usimdai, umepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Atakupa wa karatasi au wa kitambaa, na baadhi wanauuza. Supu na mchuzi vibebeni wima, siti ya bajaji ikilowa dereva hatakusahau. Na muombe pakiti za tomato kabla hajafunga boksi. Akishafunga, hurudi na mbili tu.